Aliyetekewa Kabambare Mara Mbili: Utangulizi wa Kusoma Maisha ya Afisa wa Kikoloni

Katika muda usiotimia miaka mitano, Kabambare ilitekwa mara mbili na askari wa jeshi moja. Mara ya kwanza ilikuwa Januari 1894. Askari wa Dola Huru ya Kongo waliingia mjini baada ya ngome za adui wao Rumaliza kuvunjika, na kampeni iliyowafikisha pale ilikuwa ya afisa wa Kibelgiji, Francis Dhanis. Mara ya pili ilikuwa Novemba 1898. Walioingia safari hii walikuwa askari wa jeshi lilelile, lakini walikuwa wamekwisha kumwasi Dhanis huyohuyo, na bunduki mikononi mwao zilikuwa za serikali yake. Ukitaka kuelewa maisha ya afisa wa kikoloni, usikimbilie mahali alipozaliwa. Anzia hapa, kati ya Januari ile na Novemba ile.

Utangulizi huu ni wa msomaji anayeingia kwa mara ya kwanza katika uwanja wa historia ya kijeshi ya mashariki mwa Kongo. Huenda ni mwanafunzi wa Kindu au Kasongo, huenda ni mwalimu wa Kigoma, au ni mjukuu wa Wamanyema wa Ujiji aliyesikia nyumbani kwao majina ambayo shuleni hakuyakuta. Karibu. Uwanja wenyewe si mgumu kuingia. Ugumu wake ni kwamba mlango wa mbele ulijengwa na maafisa wenyewe, kwa barua zao, ripoti zao na vitabu vya marafiki zao, na mgeni akiingia kwa mlango huo huona chumba kimoja tu. Nitakuonyesha mlango huo, kisha ile ya uani.

Mahali penyewe

Kabambare iko kusini mashariki mwa Maniema, katika nchi ya Wabangubangu, juu ya njia ya zamani iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda Mto Lualaba. Msafara ulivuka ziwa kutoka Ujiji hadi Mtowa, ukapanda kuelekea magharibi, ukapumzika Kabambare, kisha ukashuka hadi Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyohiyo: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Unguja. Watumwa nao walipitishwa humo.

David Livingstone alifika hapa Septemba 1869, akapaita Bambarre, na maradhi yakamkalisha miezi mingi. Aliandika kwamba akiwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Naitaja habari hii kwa sababu moja. Mzungu yule aliyelala mgonjwa alikuwa mgeni wa wafanyabiashara Waswahili, akitibiwa na kulishwa na watu ambao biashara yao aliichukia. Miaka ishirini na mitano baadaye Wazungu waliofika Kabambare walikuja na mizinga. Kati ya mgeni yule na watekaji wale kuna historia nzima ya namna nchi hii ilivyobadilika mikononi mwa wageni wake, na namna wenyeji walivyobadilisha hesabu zao.

Katika miaka hiyo Kasongo ilikuwa mji mkubwa. Ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, na baada yake ya mwanawe Sefu. Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya soko, ya msafara na ya msikiti, na mtu aliyekizungumza, akavaa kanzu na kukaa mjini aliitwa mwungwana hata kama babu yake hakuwahi kuiona bahari. Ndiyo maana Kiswahili cha huku kikaja kuitwa Kingwana. Zingatia hili tangu mwanzo: kabla afisa yeyote wa Kibelgiji hajatoa amri Maniema, lugha ambayo amri hizo zingetafsiriwa ilikuwa imeshawasili.

Mtu mwenyewe

Maisha ya Dhanis yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Alizaliwa London mwaka 1861, baba yake mfanyabiashara wa Kibelgiji, mama yake Mwairishi, na utoto wake aliupitisha Greenock, Uskoti. Alisoma chuo cha kijeshi cha Ubelgiji, akaingia kikosi cha magrenadia, na alipokuwa luteni akajitolea kwenda Kongo. Katika miaka ya 1880 alijenga vituo kaskazini mwa Mto Kongo. Mwaka 1892 alikuwa Lusambo, na vita na waungwana wa Maniema vilipozuka, uongozi wa vita hivyo ukawa wake.

Tarehe kuu ni chache. Novemba 1892 Sefu alivuka Lomami na jeshi lake, akashindwa. Desemba, huko Kasongo, Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, wawakilishi wa Dola waliokuwa mateka, waliuawa. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilianguka. Tarehe 22 Aprili, Kasongo. Oktoba mwaka huohuo Sefu aliuawa katika mapigano ya Mto Luama. Januari 1894 kombora moja la mzinga wa Krupp liliangukia ndani ya boma la Rumaliza, likawasha mapaa ya nyasi na baruti iliyohifadhiwa chini yake, na moto ukafanya kazi ambayo risasi za wiki nzima hazikuifanya. Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan el Barwani, aliponyoka akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Njia ya Kabambare ikawa wazi.

Dhanis akapewa ubaroni, kisha mwaka 1895 umakamu wa Gavana Mkuu. Mwaka 1896 akaongoza msafara mkubwa kuelekea Mto Naili. Tarehe 14 Februari 1897, huko Ndirfi, askari wa kikosi cha mbele waliasi, wakawaua maafisa wao, wakageuka kusini. Miaka miwili iliyofuata aliitumia kuwawinda watu aliowafundisha mwenyewe. Akarudi Ubelgiji mwaka 1899, akafa Brussels Novemba 1909, mwaka mmoja baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme wake, Leopold II.

Hayo ndiyo maisha kama kamusi elezo zinavyoyapanga: kuzaliwa, kupanda cheo, ushindi, maasi, kifo. Hakuna tarehe ya uongo ndani yake, na bado hujaelewa kitu.

Kauli ya kutendewa

Lugha yetu ina chombo ambacho lugha za maafisa hao hazina. Afisa huandika katika ripoti kwamba alivuka mto. Kwa Kiswahili tunaweza kuuliza papo hapo: alivuka au alivushwa? Alikula au alilishwa? Alisema au alisemewa? Umbo la kitenzi linabadilika kidogo tu, na nyuma yake wanaingia watu mia.

Chukua kuanguka kwa Nyangwe. Jeshi la Dhanis lilikaa wiki kadhaa ng'ambo ya pili ya Lualaba likiutazama mji bila njia ya kuufikia. Mto ni mpana, maji ni ya nguvu, na mitumbwi haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya Wagenya, watu wa mto, wavuvi na wavushaji, ambao kwa miaka mingi waliishi kwa kuvusha wengine na kwa kupima upepo wa siasa unavumia upande gani. Siku Wagenya walipokubali kuleta mitumbwi, Nyangwe ilikuwa imekwisha. Katika vitabu vya vita, siku hiyo ni ya Dhanis. Ukiipitisha katika sarufi yetu, ni siku ya wapiga kasia waliokaa kikao, wakapima nani ana bunduki nyingi na nani amewaonea zaidi, wakaamua. Afisa alivushwa.

Endelea hivyohivyo. Wazungu katika kampeni ile walikuwa wachache sana, na askari wa kudumu mamia tu. Miongoni mwa askari hao wa mwanzo wa Force Publique, jeshi lililoundwa rasmi kwa amri ya mwaka 1888, walikuwamo Wahausa kutoka Afrika Magharibi na Wazanzibari walioandikishwa pwani. Kwa hiyo pande zote mbili za boma palikuwa na watu waliotukanana kwa Kiswahili. Nyuma yao walikuwako wapagazi waliobeba masanduku ya risasi na vipande vya mzinga, wanawake waliotwanga mpunga na kupika, na maelfu ya wapiganaji wa Ngongo Lutete, jemadari tutakayekutana naye mbele. Mpunga wenyewe ulitoka katika mashamba yaliyoanzishwa na waungwana waliokuwa wakipigwa vita.

Hata Kabambare, Januari ile, aliyeongoza kikosi kilichoingia mjini hakuwa Dhanis. Alikuwa Hubert Lothaire, afisa ambaye mwaka mmoja baadaye alimnyonga Charles Stokes, mfanyabiashara Mwairishi aliyejulikana sana Unyamwezi, na kusababisha ugomvi wa kibalozi na Uingereza. Dhanis alitekewa Kabambare, kwa maana ileile tunayosema mtu amepikiwa au amejengewa nyumba.

Lakini kauli hiyo ina upande wa pili, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anaujua. Mtu hupikiwa kwa faida yake, na huibiwa, huvunjiwa na kufiwa kwa hasara yake. Umbo la kitenzi ni moja. Tutakutana na upande huo mwaka 1898.

Deni la Ngongo Lutete

Hakuna mtu mmoja anayefungua uwanja huu kama Ngongo Lutete. Aliwahi kuwa mtumwa, akapanda akawa jemadari wa Tippu Tip katika nchi iliyo kati ya Lomami na Sankuru, akavamia na kuteka watu kwa niaba ya bwana wake na kwa niaba yake mwenyewe. Mwaka 1892 alipigana na askari wa Dola akashindwa, kisha mwaka huohuo akabadilisha upande. Kuanzia hapo vita vikageuka. Dhanis alipata wapiganaji wanaoijua nchi, wanaojua mbinu za waungwana kwa kuwa nao walikuwa waungwana wa jana, na wenye njaa ya ngawira.

Kasongo ilianguka kwa nguvu za watu hao. Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Septemba 1893, Ngongo Lutete alipigwa risasi huko Ngandu, mji wake mwenyewe, kwa hukumu ya maafisa wa kituo waliomtuhumu usaliti. Dhanis alikuwa mbali. Hata wenzao wengi waliiona hukumu ile kuwa kosa kubwa. Watu wa Ngongo hawakuondoka jeshini. Waliandikishwa, wakapewa bunduki bora zaidi, wakapelekwa vituoni.

Julai 1895 askari wa Luluabourg waliasi, wakamuua kamanda wao. Februari 1897 wakaasi wa Ndirfi. Walioasi walikuwa na malalamiko mengi: viboko, njaa ya safari ndefu katika msitu, ujira, na kifo cha kiongozi wao wa zamani. Waliobaki wa Ndirfi walishuka kupitia Kivu, wakapigana na kila kikosi kilichotumwa kuwazuia, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare. Mji haukukaa mikononi mwao muda mrefu, lakini wao wenyewe hawakuisha. Mabaki yao walipigana hadi mwaka 1900, ndipo wakavuka kwenda eneo la Wajerumani na kusalimisha silaha.

Methali inasema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Ni kweli, na vijiji vya Maniema viliumia hasa. Ila methali hiyo ikitumiwa peke yake hutuficha jambo: hapa nyasi zenyewe zilishika bunduki, zikachagua tembo wa kumfuata, na baadaye zikamgeukia. Msomaji asiyeliona hilo atasoma maasi ya 1897 kama radi katika anga safi. Aliyelisoma deni la 1893 ataona malipo yake tu.

Vyanzo, na namna ya kuvikabili

Kitabu cha kwanza utakachokutana nacho ni cha Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyetumikia kampeni hiyo na kuchapisha habari zake mwaka 1897. Ni kitabu cha mtu aliyeona kwa macho. Anaieleza Kasongo iliyotekwa kwa mshangao usiofichika: nyumba kubwa, vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua, magodoro ya hariri ambayo askari wa kawaida walilalia, bustani za michungwa, mikomamanga na mapera, maghala yaliyojaa chakula. Aliikadiria Nyangwe kuwa ilikuwa na watu 30,000 kabla ya vita, na akaona imebaki nyumba moja kubwa yenye ngome. Kurasa hizo zinafaa sana, kwa sababu zinashuhudia ustaarabu wa mji ambao mwandishi alikuja kuubomoa. Lakini kitabu hichohicho kimejaa habari za kula watu, zinazosimuliwa kwa namna ya kumsisimua msomaji wa London. Kisome ukiwa na kalamu. Weka alama moja kwa alichokiona, nyingine kwa alichosimuliwa, na ya tatu kwa alichotaka kuaminiwa. Hinde baadaye alihamia Kenya akawa mtawala huko, na maandishi yake kuhusu Wamasai yanaonyesha macho yaleyale.

Chanzo cha pili ni kamusi elezo za wakati ule. Toleo la 1911 la Britannica lina ingizo juu ya Dhanis, na linasema askari waliasi kwa sababu baadhi ya wakuu wao waliuawa kwa kosa la kula watu. Angalia sentensi ya namna hiyo inavyofanya kazi. Viboko vimetoweka, njaa imetoweka, Ngongo Lutete hana hata jina. Aliyeonewa amegeuzwa mla watu, na afisa amebaki na uvumilivu wake wa kusifiwa.

Chanzo cha tatu ni mafaili ya kumbukumbu. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lina karatasi za maafisa wengi, za Dhanis zikiwamo. Humo na katika hifadhi nyingine za Ubelgiji zimo pia barua za Kiarabu na za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, zilizoandikwa na watu wa Kongo wa mashariki kabla ya mwaka 1900. Mtaalamu Xavier Luffin amezikusanya na kuzichapisha. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba upande wa waungwana haukuacha maandishi. Uliacha. Waliokosekana ni wasomaji wa hati.

Cha nne ni maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini. Tippu Tip aliondoka Maniema kabla ya vita, akafia Unguja mwaka 1905. Hakuandika ili ajitetee mbele ya mahakama ya historia. Aliandika kama mfanyabiashara anayekumbuka hesabu: nani alimdai, nani alimpa, pembe ngapi, njia ipi. Ndiyo maana anafaa. Anakuonyesha nchi kama soko kabla afisa hajakuonyesha kama uwanja wa vita.

Cha tano kiko chini ya miguu. Kasongo ya leo haiko mahali ilipokuwa Kasongo ya Tippu Tip, na wenyeji huliita eneo la zamani Tongoni. Neno hilo halihitaji mfasiri: tongo ni mahame, kiwanja cha nyumba iliyoachwa. Wataalamu wa mambo ya kale, wakishirikiana na wenyeji, wamechunguza hapo. Jina la mahali limeshafanya kazi ya kibao cha makumbusho kwa zaidi ya miaka mia.

Cha sita ni majina. Watu wa Kongo waliwapa Wazungu majina, na majina hayo ni hukumu fupi. Mpelelezi Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na jina likahama kutoka kwa mtu likawa jina la serikali nzima. Osumaka Likaka ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2009, juu ya majina ya namna hiyo. Rumaliza naye, jina lake linasikika kwa mwenye sikio: mmalizaji. Mtu haitwi hivyo bure, na aliyembatiza hakuwa afisa.

Mitego minne

Mgeni katika uwanja huu hujikwaa penye mashimo manne, na ni vizuri uyajue.

La kwanza ni jina la vita. Wabelgiji waliviita vita vya Waarabu. Waarabu hasa walikuwa wachache. Waliopigana chini ya Sefu na Rumaliza wengi wao walikuwa Waswahili wa pwani, waungwana wa Maniema na wafuasi wao, wazaliwa wa nchi. Jina lile lilifaa Ulaya, kwa kuwa lilifanya vita vya kutafuta mali vionekane vita vya dini na ukombozi.

La pili ni sababu ya vita. Dola ilisema inapiga vita utumwa, na biashara ya utumwa ilikuwapo kweli na ilikuwa ya kikatili. Lakini mwaka 1891 Leopold II alikuwa amekwisha kutoa amri ya kuweka pembe na mpira mikononi mwa serikali yake, na pembe nyingi zilikuwa Maniema. Baada ya vita, wengi walioitwa waliokombolewa waliandikishwa jeshini au kazini bila kuulizwa. Pembe nazo zikageuza njia. Zilizokuwa zikishuka mashariki kwenda Unguja zikaanza kushuka magharibi kwenda Boma na Antwerp. Ukitaka kuelewa njia ya kwanza, msome Abdul Sheriff. Ya pili utaiona katika hesabu za Leopold.

La tatu ni kinyume cha la kwanza: kuwageuza kina Sefu na Rumaliza kuwa mashujaa wa uhuru. Hawakuwa. Waliilinda himaya yao, na himaya hiyo ilijengwa juu ya migongo ya watu waliofungwa kamba shingoni. Kabambare ina wajukuu wa waliofunga na wajukuu wa waliofungwa, mara nyingi katika ukoo mmoja. Mtafiti akiingia na shujaa mfukoni, nusu ya nyumba itamnyamazia.

La nne ni jina la waasi. Vitabu huwaita Watetela. Wengi wao hawakuwa. Walikuwamo Wasongye, Wakusu, Waluba na wengineo, waliounganishwa na bwana mmoja wa zamani na kambi moja mpya. Kabila hapo lilikuwa lebo ya karani wa jeshi. Ukiliona jina hilo, uliza nani alilibandika na lilimsaidia nini.

Kumbukumbu zilizogawanyika

Huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, kuna mnara wa Lippens na De Bruyne. Inasimuliwa kwamba De Bruyne aliletwa ukingoni mwa mto kuzungumza na wenzake walio ng'ambo, akapata nafasi ya kujitosa majini na kuokoka, akakataa ili asimwache Lippens peke yake Kasongo. Ni kisa cha heshima, na sina sababu ya kukibeza. Lakini mnara una kazi yake: mtoto anayepita pale likizoni hujifunza kwamba vita vile vilikuwa na vifo viwili.

Upande wetu kumbukumbu imekaa kwa namna nyingine. Imo katika misikiti ya Kasongo na Kabambare na katika mapishi ya wali. Imo pia katika Wamanyema waliotawanyika baada ya vita na kabla yake, wakaanzisha mitaa Ujiji, Tabora, Bujumbura hata Dar es Salaam. Familia hizo zina habari za njia, za nani aliongozana na nani, za babu aliyekuwa askari wa Bula Matari na mdogo wake aliyekuwa ndani ya boma la Rumaliza. Wanahistoria wa Kongo na wa Tanzania mara nyingi wamezisoma habari hizi kila mmoja kwenye upande wake wa ziwa, kana kwamba mpaka uliochorwa Ulaya ulikuwapo kichwani mwa mpagazi wa 1893. Kazi kubwa ya kizazi kijacho ni kulivuka ziwa hilo.

Pa kuanzia

Nikishauri mpangilio, ni huu. Anza na Tippu Tip, kwa Kiswahili chake, upate majina na njia. Kisha chora ramani yako mwenyewe: Ujiji, Mtowa, Kabambare, Mto Luama, Kasongo, Nyangwe, Lomami, Ngandu. Bila ramani hiyo tarehe zitakuelea. Ndipo msome Hinde na zile alama tatu. Kwa historia ya Kiswahili chenyewe katika utawala wa Kongo, Johannes Fabian aliandika kitabu mwaka 1986 ambacho bado kinachokoza mjadala. Kwa historia ya kazi, zikiwamo za kulazimishwa, mashariki mwa Kongo, kipo kitabu cha David Northrup. Vitabu hivi viwili vitakukumbusha kwamba jeshi lilikuwa pia mwajiri, mlaji wa mazao na mwalimu wa lugha.

Baada ya hapo nenda kwa watu. Usimwulize mzee akusimulie habari za Dhanis. Huenda jina hilo halimwambii kitu. Mwulize mto ulivukwa wapi, na nani alikuwa na mitumbwi. Mwulize chakula cha askari kilitoka shamba la nani, na kililipwa au kilichukuliwa. Mwulize ni nani katika ukoo alikwenda na jeshi akarudi, ni nani hakurudi, na ni nani aliyerudi akiwa na jina jipya. Andika maneno kama alivyoyatamka, kwa Kingwana chake, bila kuyasanifisha. Andika tarehe, kijiji, na jina la aliyesimulia ikiwa ameridhia. Ukipewa habari mbili zinazopingana, ziandike zote mbili.

Kisha mrudie Francis Dhanis. Utamwona vizuri zaidi, na pengine kwa haki zaidi, kuliko waliomsifu: kijana wa London na Greenock aliyebebwa na watu wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu, ambaye wakubwa zake walimpa cheo na ambaye watu wake walimpa kwanza ushindi, kisha bili. Kabambare alitekewa mwaka 1894 kwa faida yake, na mwaka 1898 alitekewa kwa hasara yake.